Balozi Aliyeitwa Nyumbani

Tulimzika Mama Chebet Jumamosi, pale pale Kapseret, nyuma ya nyumba aliyoishi tangu mumewe aliporudi kutoka ubalozini. Mchungaji alishika kipaza sauti akasema mama yetu ameitwa nyumbani, na watu wote chini ya mahema wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimekaa safu ya nne katikati ya akina mama wa kanisa, kitambaa mkononi, nikiangalia viatu vyangu. Si kwamba nimepungukiwa na imani. Ni kwamba maneno hayo, kuitwa nyumbani, nimeyaogopa kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtu aliyenifanya niyaogope amelala hatua nne tu kutoka kaburi jipya, chini ya saruji ambayo imeanza kupasuka upande mmoja. Ndege ilipita chini chini ikielekea uwanjani, mchungaji akanyamaza kuingoja, na mimi nikashukuru kwa ule muda mfupi ambao hakuna mtu aliyekuwa akiitwa popote.

Baada ya maziko, watu wakiwa kwenye foleni ya wali na ndengu, Chebet alinishika kiwiko akaniingiza chumbani kwa mama yake. Sasa ni mwanamke wa makamo, mwalimu mkuu wa shule, lakini bado ana ile tabia yake ya usichana ya kufunga mlango kwa kisigino. Alifungua kabati, akatoa faili ya kahawia iliyofungwa kwa kamba ya katani, akaniwekea mapajani. "Mama alisema nikupe akishaenda," akasema. "Nilimuuliza mbona asikupe mwenyewe ukija kumwona. Akasema hapana, akishaenda." Juu ya faili palikuwa na karatasi iliyobandikwa na kupigwa taipu: MAMBO YA NCHI RAFIKI. Kila herufi A ilikuwa imeruka juu kidogo ya mstari. Sikuhitaji kuuliza nani aliyeipiga. Niliipiga mimi.

Habari za kwetu na za wazazi wangu hazina nafasi katika sura hii. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kozi ya taipu mjini Eldoret, nimepanga chumba Kimumu pamoja na msichana mwenzangu aliyekuwa akiuza katika duka la vitambaa. Nilikuwa nimezunguka ofisi za mji ule hadi soli ya kiatu cha kushoto ikaachia. Ndipo mwalimu wangu wa taipu akaniita na kuniambia kuna mzee kule Kapseret anatafuta mtu anayejua taipu, anayejua Kiingereza na Kiswahili, na anayejua kufunga mdomo. Akasema hilo la tatu ndilo kubwa. Nilijua mara moja ni mzee gani. Mji mzima ulijua, kwa sababu mji mzima ulikuwa umesikia. Miaka ile ya chama kimoja, mkubwa hakuandikiwa barua kwamba kazi yake imekwisha. Alisomwa kwenye redio, katika habari za saa saba mchana, akiwa na kijiko mkononi kama watu wengine wote. Jina moja, sentensi moja, halafu habari za mvua.

Yeye alisomwa akiwa mbali. Alinisimulia mwenyewe, na aliirudia hadithi hiyo mara nyingi hata ningeweza kuipiga taipu nikiwa usingizini. Alikuwa mezani katika nchi rafiki, kwenye chakula cha mchana cha mabalozi, amekaa karibu na mkuu wa itifaki wa nchi ile, mtu ambaye kazi yake ni kujua nani akae wapi na nani aanze kusalimiwa. Kwa miaka sita walikuwa marafiki wa kweli, wa kutembeleana na kubebeana watoto. Mhudumu alimletea mkuu wa itifaki kikaratasi. Akakisoma, akakikunja, akakitia mfukoni, kisha akamwongezea Balozi samaki. Akamwekea na ndimu. Akamuuliza habari za mahindi ya Kapseret. Matunda yalipokwisha kuliwa na watu kuanza kusimama ndipo alipoinama akamwambia kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, redio ya kwenu imekutaja." Balozi alisema mpaka anakufa hatasahau wema ule, kwamba rafiki yake alimwachia amalize chakula chake akiwa bado balozi.

Alipewa siku mbili za kufunga mizigo. Sababu hakuambiwa, na mpaka leo hakuna anayeijua. Alipanda ndege na ile bendera ndogo ya gari mfukoni mwa koti, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumkabidhi.

Nyumba ya Kapseret ilikuwa ya mawe, bati jekundu, sebule ndefu yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe alivyofuma Mama Chebet mwenyewe. Picha ya Rais ilikuwa ukutani mahali pake, na Mama aliifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kufuta kitu kingine chochote. Chifu alikuwa na mazoea ya kupita kunywa chai, na macho yake yalianza kwenye picha kabla ya kuwafikia watu. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya mahindi. Walikuwa wamesukuma magunia upande mmoja, wakaweka meza chini ya dirisha, na juu ya meza taipureta ambayo herufi yake ya A ilikuwa na kiburi. Siku nzima nilikuwa nikipiga chafya kwa vumbi la mahindi. Mzee alikaa kwenye kiti cha mbao mgongo wake kwenye magunia, suti kamili, tai, viatu vinang'aa, ananisomea. Hakuniita kwa jina langu, Nekesa. Aliniita Karani, na kwa namna alivyolitamka, neno hilo lilikuwa cheo.

Alikuwa akiandika historia ya ubalozi wake. Haikuwa historia ya makubaliano na mikutano, ingawa hiyo ilikuwemo. Alitaka watu waelewe kazi yenyewe. Alisema watu hudhani kazi ngumu ni kuwa balozi kwa adui, na wanakosea. Adui humtarajii kitu, naye hakutarajii. Ukimpa mkono tu magazeti yanaandika. Lakini kwa rafiki, ukichelewa chai ya saa kumi ni habari, ukisahau kuuliza hali ya mama yake mgonjwa ni habari, na mambo yote yanayowaudhi wananchi wa pande mbili, ng'ombe waliovuka mpaka, malori yaliyozuiwa, maneno ya ovyo ya wanasiasa, yote yanaletwa kwako uyameze ukitabasamu. Hakuwahi kuitaja nchi ile kwa jina lake, hata ndani ya nyumba yake. Ilikuwa nchi rafiki asubuhi na jioni. Siku moja nilimtania kwamba msomaji atashindwa kujua ni ipi. Akaniangalia juu ya miwani, akasema msomaji asiyejua rafiki zetu ni akina nani hana haja ya kitabu.

Jambo lililomuuma alilisema siku yangu ya tatu kazini, na baada ya hapo lilikuwa nyuma ya kila ukurasa. Kuna desturi. Balozi huingia nchi ya watu na barua ya kumtambulisha, anampelekea mkuu wa nchi mkononi mwake, mbele ya gwaride. Siku ya kuondoka pia huenda, anamwona mkuu wa nchi uso kwa uso, wanakunywa kitu, anaaga. Asipoaga ni kama mgeni aliyetoka nyumbani kwako kupitia dirishani. "Balozi huingia kwa barua na kutoka kwa barua, Karani," aliniambia. "Mimi niliingia kwa barua nikatoka kwa redio." Hakuwa akitaka kazi irudi, ingawa watu walidhani hivyo. Alitaka aende siku moja tu, avae suti, aage kama mtu, arudi alee ng'ombe zake. Mama Chebet aliipiga pasi ile bendera ndogo kila Jumatatu ili ikihitajika isiwe na mikunjo.

Nilikula nao kila siku mchana. Ugali ulipikwa ukaiva saa sita na nusu, sukuma au mboga za kienyeji, maharagwe, na mursik ndani ya kibuyu, maziwa yenye rangi ya majivu ambayo mwanzoni nilikuwa nikiyameza nikiwa nimeziba pumzi na baadaye nikawa nayaomba. Lakini hatukula mpaka redio iseme. Saa saba ikikaribia Mzee aliingia, akakaa, akakunja mikono. Mama alifunika sufuria kwa sahani na kuweka kiganja juu yake. Sote watatu, Chebet akiwa shule ya bweni, tulisikiliza habari mwanzo hadi mwisho, nani amepanda kutoka huku kwenda kule, nani ameshuka, na kila lilipokuja neno balozi niliona kidole gumba cha Mzee kikisogea. Habari zikiisha alisema, "Haya, tule," na tulikula ugali wa baridi. Alikuwa akiamini kwamba namna jina lake lilivyotolewa hewani ndivyo litakavyorudishwa, japo kwa sentensi ya kumshukuru. Mchana mmoja nilikuwa koridoni nikiosha mikono nikamsikia Mama akimwambia taratibu, "Kula, Baba Chebet, hao wamesahau." Naye akajibu, "Serikali haisahau, Mama. Inanyamaza." Nilirudi nikakaa kama mtu asiyesikia kitu.

Wageni walipungua mwezi baada ya mwezi. Mwanzoni walikuja wazee wenzake, baadaye wakawa wanatuma watoto na salamu, baadaye salamu nazo zikaisha. Sikuwalaumu hata wakati ule. Mwenzangu wa Kimumu aliniuliza mara mbili kama siogopi. Mzee aliandika kwa wizara kuomba ruhusa ya kwenda kuaga, akaandika tena, hakujibiwa. Aliandika kwa rafiki yake mkuu wa itifaki, barua tatu, nilizipiga mimi kwa Kiingereza safi. Hazikujibiwa pia. Halafu ikaja bahasha kutoka kwa jamaa mwingine ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ovyo, na hapo tukaelewa kwamba barua zenye jina lake haziendi zinakotumwa. Ni Mama Chebet aliyepata njia. Alikuwa akimenya viazi. Akasema bila kuinua kichwa kwamba barua ya mke wa mtu kwa familia ya rafiki haina siasa. Iandikwe na yeye, kwa Kiswahili, kwa mkono, bahasha ya kawaida, ipelekwe posta ya Burnt Forest badala ya Eldoret. Mzee alimwangalia kama ndiyo kwanza amemwona.

Nikapewa kazi hiyo. Mama alisoma Kiswahili vizuri lakini alisema kuwaandikia watu wa nchi rafiki, wenye Kiswahili chao kile, ni kujitafutia aibu. Kwa hiyo Mzee aliandika maneno anayotaka kwa Kiingereza, mimi niyageuze, Mama anakili kwa mwandiko wake. Katika karatasi yake alikuwa ameandika neno "recalled", la balozi kuitwa arudi kwao. Nilikaa na neno hilo asubuhi nzima. Kufutwa kazi, hapana, hilo ndilo neno la redio na nilikuwa nimeapa halitaingia nyumba ile kupitia mikono yangu. Kuondolewa lilinuka vibaya. Kurudishwa ni kama mtoto aliyefukuzwa shule. Nilitaka neno lenye heshima, neno laini, na nililipata mahali nilipopata maneno yangu yote laini, kanisani. Niliandika: "Mume wangu aliitwa nyumbani ghafla, na hakupata nafasi ya kuwaaga. Hilo ndilo linalotuuma zaidi. Kama kuna njia ya heshima ya kumkamilishia kuaga huko, familia itashukuru milele." Nilijivunia ile sentensi ya mwisho. Mzee aliisoma mara mbili akasema, "Kiswahili chako ni kizuri, Karani," na nilitembea siku nzima nimenyoosha shingo.

Hakuna kati yetu watatu aliyesikia barua ile ilikuwa ikisema nini. Tulikuwa tumeishi na jambo lenyewe muda mrefu mno. Kwetu kulikuwa na kuitwa kumoja tu, kule kwa redio, na hatukufikiri kwamba watu wa upande wa pili walikuwa wanakujua tayari, tena walikujua kabla yake, na hawangehitaji kuandikiwa na mke wa mtu kuelezwa habari ya mwaka uliopita. Mke wa mtu akikaa chini kukuandikia kwa mkono kwamba mumewe ameitwa nyumbani ghafla hakupata kuaga, unaelewa kitu kimoja. Mtoto yeyote wa kanisa angeelewa. Mimi mwenyewe ningeelewa, kama ingekuwa barua ya mtu mwingine.

Jibu lilichukua wiki nyingi. Mama alilileta kutoka posta siku ya Ijumaa, bahasha kubwa nene, haijafunguliwa, stempu za nchi rafiki. Ilikuwa kabla ya saa saba kidogo. Tuliketi sebuleni na Mzee akavaa miwani akaanza kutusomea kwa sauti, na mistari miwili ya kwanza aliisoma kwa furaha kabla maana haijamfikia. Rafiki yake alikuwa ameandika kwamba wamepokea kwa majonzi makubwa taarifa ya kuitwa nyumbani kwa mpendwa wao, Mheshimiwa Balozi. Mzee aliacha kusoma. Akarudi juu. Akasoma tena kimoyomoyo midomo ikitembea. Mama aliweka mkono mdomoni. Mimi nilielewa mwisho.

Aliendelea kusoma. Waliitii barua. Walikusanyika katika ukumbi ule ule wa chakula cha mabalozi, waziri wao akaja, mabalozi wengine wakaja, wafanyakazi wa zamani wa nyumba ya ubalozi wakaja. Mkuu wa nchi mwenyewe alimtuma mtu asome maneno yake. Walisimama kimya, wakapiga nyimbo mbili za taifa, wakamkamilishia kuaga kama familia ilivyoomba. Ndani ya bahasha kulikuwa na kurasa za kitabu cha rambirambi zilizotiwa saini. Mzee alizipitishia vidole. Waziri, balozi wa nchi moja, balozi wa nchi nyingine, mpishi, mtunza bustani. Dereva wake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: SAFARI NJEMA MHESHIMIWA. GARI NILIOSHA. Hapo ndipo Mzee alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na mimi nilipiga magoti kwenye zulia nikilia na kumwomba msamaha, nikisema nitaandika leo hii, sasa hivi, niwaambie ni kosa langu, yuko hai.

"Inuka, Karani," akasema. "Hakuna atakayeandika." Alieleza kwa ule utulivu wake wa kazini. Rafiki yake alikuwa amemsimamisha waziri kwenye ukumbi, amemletea mkuu wa nchi karatasi ya kusoma. Mtu wa itifaki ambaye amemzika balozi aliye hai hawezi kurudi kesho yake kusema samahani, marehemu anakula ugali. "Atasomwa kwenye redio yao," alisema, "saa saba, akiwa na kijiko mkononi." Na yeye hangelipa wema wa yule samaki kwa namna hiyo. Basi akakunja kurasa alizokuwa ameshika. Kisha akaniuliza swali, polepole, kama mtu anayehakikisha herufi za neno. "Kwa Kiswahili, Karani, mtu akishaagwa, anaweza kwenda kuaga tena?" Nilidhani anatania ili ninyamaze kulia. Nilipangusa pua nikamjibu, "Hapana Mzee. Akishaagwa ameagwa." Akatikisa kichwa mara kadhaa. Akasema basi vizuri, yeye ameagwa, tena vizuri kuliko mabalozi wengi. Akainuka akaizima redio, ikiwa bado dakika mbili kabla ya habari, akamwambia Mama afunue sufuria. Siku hiyo tulikula ugali wa moto.

Kwa miaka yote hii nimeibeba picha hiyo kama faraja yangu. Nimewasimulia wanangu, kwamba nilifanya kosa baya sana na kosa likageuka kuwa zawadi, mzee akapata alichokitaka bila ruhusa ya mtu yeyote. Tangu siku ile hakusikiliza redio tena saa saba. Mama aliacha kupiga pasi bendera. Kitabu alikiacha katikati, akasema mengine yatajieleza, na jioni akawa anatembea shambani kwa gambuti na sweta, tai imebaki ndani. Mimi nilisema amepona. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilitaka sana awe amepona. Mwisho wa mwaka alinitafutia kazi ya ofisi Nairobi kwa mtu mmoja aliyekuwa bado anampokea, na siku ya kuondoka Mama alinifungia kibuyu kidogo cha mursik, na Mzee alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amevaa suti. Alinipa mkono kwa namna ya mabalozi, akainamisha kichwa kidogo. Alisema hivyo ndivyo watu wanavyoagana.

Alikufa mvua za mwaka uliofuata, moyo, akiwa zizini. Nilirudi kwa mazishi. Chifu alisoma ujumbe wa serikali wa sentensi tatu. Watu wa Kapseret walikuja wengi, wakiwemo wale waliokuwa wakituma watoto. Kutoka nchi rafiki hakukuja mtu. Hakukuja shada, hakukuja simu, hakukuja kadi, na kwenye foleni ya chakula niliwasikia wazee wawili nyuma yangu wakisema, "Miaka sita amewatumikia, hata ua moja? Ni marafiki gani hao?" Nilijua ni marafiki gani. Walikuwa wamekwisha kulia zamu yao, miezi mingi kabla, ukumbini, kwa sababu ya sentensi yangu. Nilishika sahani nikasogea na foleni. Mama Chebet alikuwa upande wa pili wa hema, akaniona, akatikisa kichwa kidogo sana kuniambia nisiseme. Na sikusema, mwaka ule wala miaka iliyofuata, kila nilipokuja kumwona na kunywa chai yake chini ya ile picha ambayo mwishowe ilibadilishwa ikawekwa ya mwingine.

Faili niliifungulia kule chumbani, Chebet akiwa amerudi kwa wageni. Kurasa zangu zilikuwepo zote, zimegeuka manjano, na A zake. Bendera ilikuwepo, imekunjwa mara nne. Kurasa za rambirambi zilikuwepo na dereva na gari lake. Halafu barua. Niliijua barua ile kwa moyo, au nilidhani naijua, kwa maana yeye ndiye aliyetusomea. Lakini ukurasa aliotusomea ulikuwa wa kwanza. Siku ile, nikiwa nimepiga magoti nalia, sikuona kwamba alikuwa na karatasi mbili mkononi.

Ukurasa wa pili ni mistari michache. Rafiki yake anamwambia Mama Chebet kwamba jambo moja linamsumbua na anaona ni haki yake alijue. Barua zote tatu za Balozi zilimfikia. Hakuzijibu kwa sababu hakutaka kujibu mikono mitupu. Alikuwa akihangaika kwa mkuu wa nchi na kwa serikali yetu apatiwe njia ya kuja kuaga rasmi, na baada ya kazi kubwa pande zote mbili zilikuwa zimekubali. Mwaliko ulikuwa umetiwa saini. Ulikuwa mezani kwake, ukingoja kutumwa wiki ile ile, barua ya Mama ilipoingia. "Tumeuweka ndani ya jalada lake," ameandika, "kwa kuwa hatuna tena wa kumpelekea."

Pembeni mwa mistari hiyo, kwa penseli, kuna mwandiko wa Mzee, ule ule uliokuwa ukirekebisha nukta zangu. Ameandika maneno matatu, na chini yake amepiga mstari. "Karani asionyeshwe huu."

Nilikaa kitandani kwa Mama Chebet mpaka sahani zikaisha kugongana nje. Nilifikiria ule ugali wa moto na namna nilivyoula wote. Nilifikiria swali aliloniuliza, akiwa tayari amesoma ukurasa wa pili kimya, akiwa na habari za mwaliko wake ndani ya kiganja, akimuuliza msichana aliyepiga magoti kama bado kuna nafasi, na msichana akamjibu kwa sauti ya mwalimu wa sarufi kwamba haipo. Nilifikiria pia Mama, chai zote zile, miaka yote ile, akinimiminia na kuniuliza habari za watoto.

Watu walipopungua nilitoka kwa mlango wa nyuma. Kaburi la Mama lilikuwa bado udongo mbichi na maua ya plastiki. La Mzee lilikuwa kimya kando yake, na ufa wake. Nilisimama wima, nikakunjua ile bendera ndogo, nikaitandaza juu ya saruji, na kwa kuwa haikupigwa pasi zaidi ya miaka thelathini niliinyoosha kwa kiganja, kona baada ya kona. Nilitaka kumwambia mengi. Niliinamisha kichwa kidogo, kwa namna aliyonifundisha barabarani, nikamwambia, "Mzee, karani ameonyeshwa."